Madoa kwenye kihisi cha kamera: nisafishe mwenyewe nyumbani au nisiguse?

MwangaMpole

Wakuu, salaam. Nahitaji ushauri wa watu wanaolijua hili jambo kwa undani.

Kamera ni DSLR (ile yenye kioo cha ndani kinachoinuka unapopiga), na kihisi chake, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, ni cha saizi ya APS-C. Nikipiga anga kwa f/11 (tundu la lenzi likiwa dogo) naona madoa matatu ya kijivu upande wa juu kulia wa picha, pamoja na kitu kama unywele uliojikunja karibu na katikati. Kwa f/2.8, tundu likiwa kubwa, havionekani kabisa. Nikibadilisha lenzi, vyote vinabaki palepale. Kamera ina huduma ya kujisafisha kwa kutetemesha kichujio. Nimeiendesha, unywele ukahama kidogo, madoa matatu hayakutikisika.

Ninachotaka kujua ni kama kazi hii inafanyika nyumbani bila kuharibu kitu, na nianzie wapi. Nina pampu ya mpira ya kupulizia vumbi, vijiti vya pamba vya masikio, spiriti ya kusafishia vidonda ya asilimia 70, na kopo la hewa la kusafishia kompyuta. Kipi kinafaa na kipi nikiweke mbali? Na kihisi kikikwaruzika, kinatengenezeka?

Kivuli_f22

Karibu mkuu. Katika hivyo vinne, pampu peke yake ndiyo ibaki mezani. Lakini kabla hujaishika, jua kwanza unasafisha nini na kiko wapi.

Utakachogusa si kihisi chenyewe. Mbele yake kuna tabaka za vioo: kichujio cha miale ya infraredi, na kwenye kamera nyingi kichujio kingine cha kulainisha maelezo madogo kupita kiasi. Kwa pamoja unene wake ni kama milimita 2 kwenye kamera nyingi, na hufika 4 kwenye zile za Micro Four Thirds (aina yenye kihisi kidogo kuliko APS-C). Vumbi hukaa juu ya kioo hicho, kwa hiyo unachokiona pichani ni kivuli chake.

Hapo ndipo penye jibu la kwa nini f/2.8 haionyeshi kitu. Gawanya umbali kati ya vumbi na pikseli kwa namba ya f, utapata takriban upana wa ukungu wa kivuli. Milimita 2 gawanya kwa 2.8 ni 0.7 hivi, na chembe ya milimita 0.05 inapotea kabisa ndani ya ukungu mpana kiasi hicho. Kwa f/22 ukungu ni 0.09 tu, na chembe ileile inaonekana wazi zaidi, yenye kingo. Vumbi halijaongezeka wala kupungua, mwanga tu ndio umebanwa.

Sasa piga picha ya majaribio. Weka ISO 100, tundu la lenzi f/16 au f/22, fokasi ya mkono iwe nje kabisa ya kitu unachokipiga. Lenga ukuta mweupe, skrini nyeupe ya kompyuta au anga lisilo na mawingu, na uongeze mwanga kwa stopu 1 (yaani mara mbili) ili nyeupe isitoke kijivu. Acha shata (pazia linalofungua na kufunga njia ya mwanga) iwe wazi nusu sekunde au zaidi huku ukiizungusha kamera taratibu. Alama za ukuta zitafutika kwa mwendo, vumbi litabaki kwa sababu linatembea pamoja na kamera. Kisha ifungue kwenye kompyuta, pandisha kontrasti hadi mwisho na uipitie yote kwa ukubwa wa asilimia 100. Itunze picha hiyo, maana baada ya kila hatua utapiga nyingine na kulinganisha.

Kupata mahali penyewe: picha huangukia kihisi juu chini. Ukiitazama kamera kwa mbele, ikiwa imesimama wima na lenzi imetolewa, upande wa juu wa picha ndio upande wa chini wa kihisi. Kushoto na kulia havibadiliki kwa anayetazama kutoka mbele. Kwa hiyo madoa yako ya juu kulia yatafute chini kulia. Wengi husafisha pembe isiyo na kitu, kisha wanadhani doa ni sugu.

Dokezo dogo kuhusu mtetemo wa kamera. Teknolojia hiyo ilianza kwenye Olympus E-1 ya mwaka 2003, na kazi yake ni kurusha chembe kavu na nyepesi. Kitu kilichonata, kama chavua, mafuta au tone lililokauka, hakiondoki kwa kutikiswa. Pia iendeshe kamera ikiwa imekaa mezani kwa kitako chake, kwa sababu nyingi zina ukanda wenye gundi chini ya kihisi wa kudaka kinachoanguka. Ukiishika imelala, kilichorushwa kinarudi palepale.

FundiLenzi

Naendelea alipoishia Kivuli, nihusike na pampu.

Kwanza nieleze kwa nini hatua hii hairukwi hata kama una uhakika madoa yamenata. Punje za mchanga nyingi ni kwazi, na ugumu wake kwenye kipimo cha Mohs ni 7. Kioo cha kawaida kipo karibu 5.5. Swabu laini (kijiti chenye kitambaa cha kufutia) ikipita juu ya punje moja ya kwazi, punje ndiyo itakayochora mstari, swabu itakuwa imeisukuma tu. Mikwaruzo mingi ya nyumbani hutokea hivi: mtu alianza na swabu kabla ya kupuliza.

Chagua chumba kisicho na zulia wala mapazia mazito. Zima feni na kiyoyozi, funga madirisha, ukae kama nusu saa bila watu kupitapita ili vumbi la hewani litue. Usivae sufi wala nguo inayotoa manyoya. Futa mwili wa kamera kwa nje, hasa kuzunguka mdomo wa lenzi, lenzi ikiwa bado imefungwa. Ukiacha uchafu pale, utaingia wenyewe ukifungua. Futa na ukingo wa chuma wa nyuma ya lenzi.

Betri iwe imejaa. Hili si suala la urahisi. Kwenye DSLR, kinachoshikilia kioo cha ndani juu na pazia la shata wazi ni umeme. Betri ikiisha katikati ya kazi, kioo na pazia vinaanguka juu ya kilichoko ndani, na pazia la shata ni vipande vyembamba mno, vikipinda ndiyo basi. Baadhi ya kamera hukataa kuinua kioo chaji ikiwa chini, nazo zina sababu. Ingia kwenye menyu utafute huduma ya kusafisha kihisi kwa mkono, ndiyo itakayoinua kioo na kufungua pazia hadi uzime kamera. Usitumie B (hali ya shata kubaki wazi kadiri unavyobonyeza) wala muda mrefu wa shata badala yake. Kidole kikiteleza au muda ukiisha, pazia linafunga mkono ukiwa ndani.

Pampu ikiwa mpya, ibonyeze mara nyingi ukielekeza mbali na kamera, karibu na tochi ili uone kinachotoka. Baadhi ya mipira hubaki na unga wa kiwandani ndani yake. Pampu nzuri ina vali nyuma ya kuvutia hewa, ili isinyonye vumbi la ndani ya kamera kupitia mdomo uleule na kulirudisha kwa kishindo.

Sasa ishike kamera mdomo wake ukitazama chini kabisa, weka pampu chini yake, ncha ikiishia usawa wa mdomo wa kamera, isizame ndani. Puliza kwa nguvu mara 10 hadi 15, ukibadilisha pembe ili hewa ifike kila kona. Kati ya pulizo na pulizo acha sekunde, chembe zianguke. Ncha ndefu ya plastiki ikikuponyoka mkononi na kugonga kioo, itaacha alama, kwa hiyo egemeza mkono unaobonyeza kwenye meza au kifuani.

Zima kamera huku mdomo bado unatazama chini, funga lenzi, piga tena picha ya majaribio. Unywele wako karibu hakika utaondoka hapa. Kama madoa matatu yamebaki ukubwa uleule na mahali palepale, hapo ndipo unafikiria majimaji.

Kuhusu kopo la hewa: ndani ya kopo gesi iko katika hali ya kimiminika. Ukiliinamisha au kulitikisa kidogo tu, kinatoka kimiminika baridi sana ambacho kinaacha utando juu ya kioo, na ubaridi wa ghafla unaweza kukidhuru. Hata likiwa wima, msukumo wake ni mkubwa kuliko unaotakiwa karibu na pazia la shata. Na kupuliza kwa mdomo usithubutu, mate hukauka na kuacha madoa magumu kuliko vumbi.

Tone_Moja

Nichukue sehemu ya majimaji, kwa kuwa ndiyo inayotisha watu, na kwa kweli ikifanywa kwa utulivu haina shida.

Vijiti vya masikio havifai. Pamba yake huacha nyuzi, imefungwa kwa gundi inayoyeyuka ikikutana na spiriti, na ncha yake ya mviringo hugusa eneo dogo tu, hivyo unasugua mapito mengi yenye mistari katikati. Spiriti ya asilimia 70 nayo, hiyo 30 iliyobaki ni maji. Spiriti inaruka haraka, maji yanabaki nyuma na kukauka polepole yakiacha duara. Baadhi zina rangi au mafuta ya kulinda ngozi, na hayo yatabaki kwenye kioo.

Nunua swabu zilizotengenezwa kwa ajili ya vihisi, zilizofungwa moja moja, zenye upana sawa na kimo cha kihisi chako. APS-C ina kama milimita 23.5 kwa 15.6 (za Canon ni 22.3 kwa 14.9), basi swabu yake ni ya milimita 16. Kihisi kamili cha 36 kwa 24 kinataka ya milimita 24. Micro Four Thirds ni 17.3 kwa 13, nacho kina swabu zake nyembamba. Upana ni muhimu: swabu pana haiingii bila kugonga kuta, nyembamba inalazimisha kupita mara mbili na kuacha mstari zinapokutana.

Dawa iwe ile iliyoandikwa wazi kuwa ni ya vihisi. Nyingi zina methanoli safi au mchanganyiko wa alkoholi, kwa sababu zinakauka ndani ya sekunde chache bila mabaki. Methanoli ni sumu, inawaka, na mvuke wake haufai kuvutwa. Ichukulie hivyo: chupa mbali na watoto na moto, hewa ya chumba ibadilishwe ukimaliza, isikae kwenye ngozi.

Utaratibu wenyewe. Laza kamera kwa mgongo, kihisi kikitazama juu, au isimamishe ikikutazama, utakavyoona mkono wako umetulia zaidi. Washa huduma ya kusafisha kwa mkono. Fungua swabu bila kugusa ncha yake. Tia dawa kwenye makali ya ncha, tone 1 hadi 2 kwa swabu ya milimita 16, 2 hadi 3 kwa ya milimita 24. Usidondoshe kamwe dawa moja kwa moja kwenye kihisi, itajipenyeza pembeni chini ya kioo na huko haitoki. Subiri kama sekunde 10 matone yasambae kwenye kitambaa. Swabu iwe na unyevunyevu, ising'ae kwa maji.

Iteremshe kwenye ukingo mmoja wa upande mfupi, mpini ukiinamia kule unakokwenda, kisha ivute hadi ukingo wa pili kwa mwendo mmoja usiokatika, sekunde 2 au 3 hivi. Nguvu ni ile ya kuandika kwa kalamu ya wino, ncha ipinde kidogo. Ukifika mwisho usiinue ghafla katikati ya kioo, fika ukingoni kabisa. Geuza swabu upande wake wa pili, ambao haujagusa kitu, rudi nayo ulikotoka kwa mwendo uleule. Basi, swabu hiyo imekwisha. Haioshwi wala hairudiwi hata kama inaonekana nyeupe, maana chembe iliyoidaka huioni kwa macho.

Acha sekunde 10 hadi 20 ikauke, zima, funga lenzi, piga picha ya majaribio. Tayarisha swabu tatu kabla ya kuanza. Kumaliza kwa moja ni bahati, mbili ni kawaida.

Kuhusu swali lako la mwisho: mkwaruzo hausafishiki wala hausuguliki. Fundi hubadilisha kichujio, na kwenye kamera nyingi hubadilishwa sehemu nzima ya kihisi, gharama ambayo huweza kukaribia thamani ya kamera iliyotumika. Ndiyo maana tunasisitiza kupuliza kwanza.

PaziaWazi

Niongezee kwa wanaosoma wakiwa na kamera zisizo na kioo cha ndani, kwa sababu mambo mawili yanatofautiana.

La kwanza ni pazia. Kwenye nyingi, ukitoa lenzi kihisi kiko wazi moja kwa moja, ila baadhi hufunga pazia la shata kamera ikizimwa ili kulinda kihisi. Ukiona vipande vyeusi badala ya kioo kinachometa, usivipulizie kwa karibu na usiviguse kwa swabu. Ingia kwenye menyu, pazia lifunguke, ndipo uendelee.

La pili ni kihisi kinachoelea. Kamera yenye kutuliza mtikisiko ndani ya mwili wake hukishika kihisi kwa sumaku. Katika baadhi, kamera ikizimwa kinalegea, ukikigusa kinayumba. Nyingine zina kifungio kinachokishika zikizimwa. Kwa hiyo swali la kama usafishe kamera ikiwa imewashwa au imezimwa halina jibu moja kwa wote. Soma ukurasa wa kusafisha kihisi kwenye kitabu cha kamera yako na ufuate kilichoandikwa, neno kwa neno. Kamera fulani hutetema kwanza, halafu inakuambia uizime ndipo usafishe. Kihisi kikiyumba kidogo chini ya swabu si hatari, kukikandamiza hadi kifike mwisho wa njia yake ndiko kunakoharibu.

Kwenye DSLR nako, msiguse kioo kinachoinuka wala kile cha fokasi kilicho juu yake. Kioo kinachoinuka kimepakwa chuma cha kuakisi upande wa mbele, tabaka jembamba linaloharibika kwa kufutwa. Vumbi mnaloliona mkichungulia halitokei pichani. Puliza, likigoma liacheni.

MwangaMpole

Shukrani sana wakuu. Nimefuata hatua zote. Baada ya pampu unywele ulitoweka. Nimetumia swabu moja ya milimita 16 yenye matone mawili, kulia kwenda kushoto na kurudi. Madoa mawili kati ya matatu yameondoka. Limebaki moja, limekuwa kama limevutwa, lina mkia. Na kuna jipya: mstari hafifu ulio wima, pembeni kabisa ambako swabu iligeukia. Nimeharibu?

Tone_Moja

Hujaharibu chochote. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Mstari wa pembeni ni dawa iliyokusanyika pale swabu ilipogeuka, ikakauka mahali pamoja. Maana yake matone mawili yalizidi kidogo kwa swabu hiyo, au hukusubiri yasambae. Swabu ya pili itie tone moja, subiri sekunde 15, pita mara moja, geuza, rudi. Ukitaka uhakika zaidi, anza safari hii upande ule wenye mstari, ili swabu ikiwa bado na unyevu iuyeyushe, na imalizikie upande mwingine ikiwa imeanza kukauka.

Doa lenye mkia ni la mafuta. Vumbi kavu halivutwi hivyo, ama linaondoka au linahama zima. Grisi ya shata na ya kioo cha ndani huruka kwa matone madogo sana, na dawa ya alkoholi huweza kuyasambaza kabla ya kuyaondoa. Usisugue kwenda na kurudi mahali pamoja. Swabu mpya, pito moja, picha ya majaribio. Utaona mkia unafifia kila mara. Ukitumia swabu tatu na doa halijabadilika, badilisha dawa, sio nguvu. Zipo dawa za vihisi zilizotengenezwa kwa mafuta na nyingine kwa madoa ya maji au chumvi. Chumvi ya bahari kwa mfano haiyeyuki vizuri kwenye alkoholi, unaweza kupita na methanoli siku nzima isitoke.

Jambo moja la kuangalia: swabu ikigusa ukuta wa ndani wa kamera wakati wa kuingia au kutoka, inachota grisi na kuileta kwenye kioo. Kama ulisikia imesugua pembeni, mkia huenda umetoka huko.

Kivuli_f22

Nakubaliana na Tone. Niongeze namna ya kusoma picha ya majaribio: chembe kavu hutoa kivuli cheusi chenye umbo lisilo na mpangilio. Tone la mafuta hutoka duara, kingo laini, katikati hafifu kidogo, mara nyingi mengi ya ukubwa unaokaribiana yakiwa pembe moja. Doa la maji lililokauka ni pete, ukingo mweusi kuliko katikati. Nukta ndogo yenye rangi kali, nyekundu au buluu, iliyo wazi hata kwa f/2.8, si uchafu kabisa. Hiyo ni pikseli yenye hitilafu, na dawa yake ipo kwenye menyu ya kamera au kwenye programu ya kuhariri.

Madoa ya mafuta yakirudi pembe ileile baada ya picha mia kadhaa, kusafisha hakumalizi tatizo. Shata inatema grisi. Nikon D600 ya mwaka 2012 ilijulikana kwa jambo hilo, hadi mwaka 2014 kampuni ikatangaza kuzikagua na kubadilisha shata bila malipo. Kamera ikiwa mpya na ndani ya udhamini, mpelekee muuzaji kabla hujaisafisha, ukiwa na picha za majaribio kama ushahidi.

Kioo_Safi

Naomba kuuliza pembeni: zile brashi zinazozungushwa na betri, na vijiti vya jeli vinavyonata, vinafaa kuliko swabu? Na kamera ndogo ambayo lenzi yake haitoki, nayo inasafishwaje?

FundiLenzi

Brashi hufanya kazi kwa umeme tuli. Inazungushwa nje ya kamera nyuzi zake zipate chaji na zikung'ute vumbi, inazimwa, ndipo inapitishwa juu ya kioo mara moja bila kukandamiza. Kuiwasha ikiwa ndani ni kosa kubwa. Udhaifu wake ni kwamba ikigusa ukuta wenye grisi mara moja tu, imekuwa brashi ya kupaka mafuta hadi ioshwe. Kwa vumbi kavu lililoshinda pampu inasaidia, kwa madoa yaliyonata haina kazi.

Kijiti cha jeli ni kizuri kwa chembe moja moja ambayo umeshajua iko wapi. Unakibonyeza taratibu juu yake, unakiinua wima bila kukiburuta, halafu unakigandisha kwenye karatasi yake yenye gundi ili kiachie uchafu. Kioo kiwe kikavu kabisa. Jihadhari na vya kuiga, jeli yake huacha utando unaohitaji swabu kuuondoa. Soma pia kama mtengenezaji wa kijiti ameruhusu kitumike kwenye kihisi kinachoelea, kwa sababu kukivuta juu kunakivuta na kihisi.

Kamera ambayo lenzi haitoki, usiifungue nyumbani. Ndani kuna kapasita ya flashi inayoweza kushikilia volti 300 hivi hata betri ikiwa imetolewa, na hiyo ni hatari kwa mwili wako kabla hatujaizungumzia kamera. Pia kihisi kimewekwa sambamba na lenzi kwa vipimo vya sehemu ndogo sana za milimita, ukikilegeza na kukirudisha, upande mmoja wa picha utatoka nje ya fokasi. Hiyo ni kazi ya fundi. Wakati unasubiri, piga kwa tundu lililofunguka zaidi na ufute doa kwenye programu.

MwangaMpole

Mrejesho: swabu ya pili yenye tone moja, nikianzia upande wa mstari, imeondoa mstari na mkia. Kwa f/22 kimebaki kivuli kimoja hafifu pembeni, kwa f/11 sikioni. Niendelee na ya tatu au niache?

Tone_Moja

Acha, mkuu. Kila pito la swabu ni nafasi nyingine ya kuingiza kitu kipya, na f/22 hutaitumia mara nyingi, kwa kuwa picha hupoteza ukali kwa mpindo wa mwanga kabla hata ya vumbi kuonekana. Kipimo kiwe tundu dogo zaidi unalolitumia kweli. Safi kwa f/11 inatosha mpiga picha wa mandhari.

Sasa geukia vifuniko. Kile cha nyuma ya lenzi na cha mdomo wa kamera vioshe kwa maji na sabuni, vikauke kabisa, uvipulize. Vumbi likiwa humo, linahamia kioo cha nyuma cha lenzi, kisha linaingia ndani ukifunga. Ukibadilisha lenzi, zima kamera, lenzi ya pili iwe tayari mkononi ikiwa imelegezwa kifuniko, mdomo wa kamera utazame chini. Dawa iliyobaki ifunge barabara uisimamishe wima. Methanoli huvuta unyevu wa hewani chupa ikiachwa wazi, na dawa yenye maji ndiyo inayoacha zile pete alizozieleza Kivuli.